Amani Aliyoitoa Bibi Sulafa

Wamesimulia waliotutangulia katika elimu, Mola awarehemu na atukutanishe nao katika kheri, ya kwamba palikuwa na mji mmoja mpakani mwa nchi ya Khurasani, mji mdogo wenye ukuta mrefu wa udongo, na mtawala wake akiitwa Amiri Sunquri. Mji huo ulizingirwa na makabila ya ng'ambo ya mto kiangazi chote. Watu wakala punda wao, kisha wakachemsha ngozi za viatu wakala, na maiti wakazikwa ndani ya bustani kwa kuwa makaburini hapakuendeka. Miongoni mwa waliokufa alikuwa Arslani, mwana pekee wa Amiri, aliyepigwa mshale akiwa juu ya mnara wa lango. Mwishowe Mola akaleta baridi mapema, adui akang'oa mahema yake akaondoka, na mji ukabaki na njaa yake na misiba yake.

Sasa, katika sheria ya Waislamu liko jambo moja ambalo wafalme hawakulipenda sana, na kisa chetu kinasimama juu yake. Muumini yeyote, mwanamume au mwanamke, tajiri au fukara, akimpa amani mtu wa upande wa adui, amani ile huwafunga Waislamu wote, na mtawala ni mmoja wao. Watu wa mji ule walikuwa na desturi yao katika hilo. Mtoa amani alirarua kipande cha nguo yake mwenyewe, akamfunga nacho yule mtu mkononi, kisha akampeleka mlangoni mwa msikiti na kutangaza mbele ya wanaosali, ili asipatikane wa kusema kwamba hakujua.

Siku adui alipoondoka, Bibi Sulafa, mjane aliyeishi kwa kusokota sufu, alitoka nje ya lango kutafuta majani ya kuchemsha. Chini ya ukuta akamkuta kijana amelala, mguu umevunjika, midomo imekauka. Alikuwa mpiga mishale wa adui, jina lake Bahrami, wenzake wamemwacha. Akamwambia, "Mama, nipe amani."

Wako wanaosimulia kwamba Bibi Sulafa alimpa papo hapo, kwa sababu ya wema wake. Mimi hawa siwakubali. Wapokezi wanaoaminika wamesema kwamba alisimama kitambo kirefu akimtazama, na alikuwa na jiwe mkononi, maana naye alikuwa amemzika binti yake Rabwa katika kiangazi kile kile. Tukimwondolea kusita kwake, tumemwondolea na thawabu yake. Kisha akalitupa lile jiwe, akararua upindo wa shela yake, akamfunga mkononi, na akamkokota hadi mlangoni mwa msikiti watu wakitoka kusali alasiri. Akasema, "Enyi Waislamu, nimempa mtu huyu amani, kwa dhamana ya Mwenyezi Mungu na dhamana yenu." Watu wakanung'unika, wengine wakalia, lakini hapana aliyeipinga.

Habari zikamfikia Amiri, na akaambiwa kwamba kijana yule ni katika wapiga mishale waliopangiwa kuupiga mnara wa lango. Akatuma askari wamkamate. Wakamleta, ila alipowaamuru wamkate shingo wakainamisha macho, kwa kuwa walikiona kitambaa mkononi mwake na walikuwa watu wenye kumwogopa Mola. Amiri akaelewa kwamba hatatii mtu mpaka iondolewe ile amani, na wa kuiondoa ni mwanachuoni. Akaagiza aitwe Sheikh Ghiyathi.

Huyu Sheikh Ghiyathi alikuwa imamu wa mji, mtu wa elimu nyingi na ulimi mwepesi. Ijumaa iliyotangulia mtu mmoja alimuuliza baada ya swala, "Je, Mola anafungwa na kanuni za haki kama tunavyofungwa sisi?" Sheikh akapendezwa na swali, na sisi walimu tuna ugonjwa wetu, tukipata swali zuri twasahau kwamba wapo wanaosikiliza. Akajibu kwamba kanuni ni za watumwa, Mola hana kanuni juu yake. Akitaka kumtia motoni aliyemwabudu umri wake wote, atamtia, na akitaka kumtia peponi dhalimu, atamtia, wala hapana wa kumuuliza. Na anayethubutu kumwambia Mola kwamba jambo fulani ni lazima kwake, amekosa adabu. Amiri Sunquri alikuwa safu ya mbele siku ile. Aliposikia maneno hayo macho yake yalilengwa na machozi, akavua joho lake la hariri na kumvika Sheikh mbele ya watu, na Sheikh akafurahi nalo sana.

Akaja barazani amelivaa joho lile. Akamkuta Amiri juu ya kiti chake, Bahrami amepigishwa magoti, na Bibi Sulafa amesimama kando yake, kwa kuwa alikataa kuondoka.

Amiri akasema, "Sheikh, ulitufundisha kwamba Mola hafungwi na kanuni. Ndivyo?"

"Ndivyo, ewe Amiri."

"Nanyi mnanitaja katika khutba kwamba mimi ni kivuli cha Mola katika ardhi."

"Ndivyo tunavyosoma."

"Basi, ikiwa mwenye kivuli hafungwi, kivuli chake kitafungwaje na kitambaa cha ajuza? Nimepoteza mwanangu, Sheikh. Waambie askari wangu kwamba amani hii haina nguvu juu yangu."

Ilimdhihirikia Sheikh Ghiyathi pale kwamba maneno yake mwenyewe ndiyo yatakayomuua yule kijana, na kwamba akiyarudisha huenda atakayeuawa ni yeye. Alikuwa na mke na watoto wadogo. Aliogopa, na tusimcheke, maana hatujui tungekuwaje mahali pale.

Bibi Sulafa ndiye aliyeanza. "Sheikh, mwanangu, ni kweli ulisema hivyo? Kwamba Mola anaweza kumtupa motoni aliyemwamini, baada ya kumuahidi pepo?"

"Nilisema anaweza, Bibi."

"Kuweza anaweza, nani atabisha? Lakini simba naye anaweza kunila, na sijapata kumsujudia simba. Mimi nimemsujudia Mola tangu nikiwa msichana kwa sababu akisema ni kweli. Kiangazi hiki nimemzika Rabwa wangu katika bustani ya jirani, sanda haikumtosha hata miguuni. Nilipokuwa namfunika udongo nilimwambia, mwanangu usiogope, unakwenda kwa mkweli wa ahadi. Sasa nijibu hapa hapa mbele za watu. Nilimdanganya mwanangu?"

Wasimulizi wanasema Sheikh alilia mpaka ndevu zake zikaloa. Kisha akavua lile joho, akalikunja, akaliweka chini miguuni pa kiti cha Amiri.

Akasema, "Hukumdanganya, Bibi. Ni mimi niliyewapa watu nusu ya elimu na kuwaficha nusu, kwa kupenda kusifiwa. Hapana aliye juu ya Mola hata amwekee sheria. Hilo nalishuhudia, na nitakufa nalo. Lakini nilipotafuta mfano wa asiyefungwa, nilitazama kiti hiki. Nikamwona mtawala anaahidi asubuhi na kuvunja jioni, wala haulizwi, nikadhani huo ndio ukubwa, nikampachika Mola sifa hiyo. Astaghfirullah! Mtu huvunja neno lake kwa kuwa anaogopa, au ana haja, au amesahau. Mola haogopi, hana haja, wala hasahau. Hakuna aliyemlazimisha uadilifu. Amejikataza dhulma mwenyewe, akatuahidi rehema kabla hatujajua kuomba. Neno lake halimfungi kama kamba inavyomfunga mbuzi. Ukweli wa neno lake ni sifa yake, na ukiiondoa unaabudu kitu kingine."

Kisha akamgeukia Amiri. "Kwa hiyo amani ya Bibi huyu ni sahihi. Ukimuua kijana, umemuua aliye katika dhamana ya Mwenyezi Mungu, nami nitalisema hilo juu ya mimbari maadamu nina ulimi."

"Ulimi unaweza kuondolewa," akasema Amiri.

"Najua, ewe Amiri."

Amiri Sunquri akasimama, mkono juu ya upanga. Akashuka ngazi za kiti chake mpaka aliposimama uso kwa uso na Sheikh. Akauachia upanga na kusema kwa sauti ya chini:

"Unajua kwa nini nilikuvika joho lile?"

"Sijui."

"Ndugu yangu Tughani hakufa kwa homa kama mlivyoambiwa. Alikuwa amejifungia ngomeni. Nikamwapia amani kwa jina la Mola, akafungua lango, akatoka akicheka, akaja kunikumbatia. Nikamuua mlangoni. Tangu hapo sijaonja raha. Uliposema kwamba Mola hana kanuni, ndipo nilipopumua. Nikasema moyoni, labda ataniacha tu, hivi hivi, maana hapana wa kumuuliza. Na leo mmenirudishia Mola mwadilifu. Kwa Mola mwadilifu mimi nimekwisha, Sheikh."

Sheikh Ghiyathi alikuwa akimwogopa mtu huyu, na sasa alimwonea huruma. Bibi Sulafa akasogea, akamwambia kama mama anavyomwambia mtoto wake mkubwa aliyekosa:

"Sikiliza, Amiri. Mola asiye na neno hakuachii chochote. Leo akikuacha, kesho atakuchoma, nawe huna pa kushika. Lakini huyu tunayemwabudu ameahidi kwamba mwenye kurudi kwake kwa kweli atampokea, hata akija na dhambi za kujaza bonde. Ahadi hiyo nayo ni neno. Ukililegeza neno lake ili umchinje kijana huyu, umelilegeza na hilo la toba. Utashika nini siku ya kufa kwako?"

Amiri akasema, "Na damu ya ndugu yangu?"

"Damu ya nduguyo ina wenyewe. Mkewe yupo na wanawe wapo. Toba haitawaruka hao. Utakwenda kwao."

Amiri akakaa chini, juu ya sakafu, mbele ya askari wake. Akakaa hivyo mpaka watu wakaona haya kumtazama. Hatimaye akainua uso akamuuliza Bahrami, "Wewe ndiye uliyempiga mwanangu?"

Bahrami akajibu, "Sijui, bwana. Nilipiga mishale mingi kwenye mnara ule. Yawezekana."

"Kwa nini hukusema siye wewe? Nani angejua?"

"Mama huyu aliweka jiwe chini kwa ajili yangu. Sikuweza kusimama kando yake nikasema uongo."

Amiri akafumba macho. Hakusema kwamba amemsamehe, na ni bora asiongezewe maneno ambayo hakuyasema. Alisema tu, "Mpeni farasi mmoja katika waliobaki, mumvushe mto. Amani ya Bibi imesimama." Kisha akalia kilio cha baba, kwa sauti, na inasemekana ndiyo mara ya kwanza kumlilia Arslani tangu amzike.

Kulipopambazuka Amiri Sunquri alivua upanga wake, akatoka kwa miguu bila askari hata mmoja, akaenda nyumbani kwa mjane wa ndugu yake. Akasimama mlangoni, akasema aliyoyafanya, akamwambia, "Haki ya damu ni yenu. Ichukueni, au mnisamehe. Nimekuja." Mjane akasema nyuma ya pazia, "Hata yeye alikufungulia mlango hivi hivi, bila silaha." Amiri akajibu, "Ndiyo. Ndiyo maana nimekuja hivi."

Hapo wapokezi wamekhitilafiana. Kuna wanaosema kwamba mjane na wanawe walimsamehe, akaacha utawala na kufa akiwa mchota maji wa msikiti. Wengine wanasema walidai haki yao, wakapewa, naye akainamisha shingo bila kulalamika. Sikuweza kujua iliyo sahihi, na sioni vema kukuchagulieni inayopendeza zaidi. Wote wameafikiana kwamba alikwenda, na kwamba alipokuwa njiani hakuwa na kitu cha kutegemea ila neno la Mola wake.

Nami nakuambieni, ndugu zangu, kwa uchungu, kwa sababu naliona hata katika zama zetu. Mtu anayefurahia sana kusikia kwamba Mola haulizwi, mchunguzeni vizuri. Mara nyingi ni yeye mwenyewe ambaye hataki kuulizwa. Hapana wa kumlazimisha Mola, na kwa hiyo kila ahadi aliyotupa ni ya hiari yake, na anayetoa kwa hiari namna ile hahitaji kukumbushwa. Wanaohitaji kukumbushwa ni sisi, tunaokula yamini kwa jina lake na kuivunja kabla ya magharibi.

Ewe Mola, tumekuamini na hujatuvunjia neno. Tuwezeshe nasi tuwe watu wa kuaminiwa na wale wanaotufungulia milango. Amin.