Siwema Hakushuka Dunguni

Mpo?
— Tupo!
Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo!
Basi kaeni, nami nimekaa.

Hapo zamani za kale, katika bonde la Rufiji, kando ya shamba la mpunga, walikuwepo watu hawa. Alikuwepo Jumbe Mpili, mkuu wa kijiji. Alikuwepo Siwema binti Mtulia, mjane. Alikuwepo Ngwele, shemeji yake, aliyekuwa akilinda mpunga usiliwe na ndege. Alikuwepo Sumana, mtawa wa dini ya Budha, mgeni kutoka kisiwa cha Seilani, mwenye shuka la manjano. Na lilikuwepo zimwi, jina lake Kitumbika. Si Kitumbike, kama wengine wasemavyo.

Sharti la zimwi lilikuwa moja. Mlinzi akae juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu, siku moja kabla ya mavuno, tangu jua kuchomoza hadi kuzama. Akikanyaga chini, mpunga wote ni wa zimwi. Misimu miwili Ngwele alishuka mbio kufukuza ndege. Misimu miwili watoto wa Siwema walikula mizizi ya porini. Msimu wa tatu Siwema akasema atapanda yeye.

"Utaweza wapi?" Ngwele akacheka. "Utashuka kabla uji haujapoa!"

"Ungekaa wewe, shemeji, nisingepanda mimi." Akapanda.

Sumana alikuwa amemfundisha jambo moja tu. "Mama, kaa. Pumua. Fikra itakuja kama ndege. Ione, itaje jina, usiifuate."

Asubuhi zimwi likampulizia fikra: Ngwele anakucheka, shuka umtie adabu! Kifua kikamwaka moto. Siwema akapumua. "Hasira, nimekuona." Ikaruka, ikaenda zake.

Adhuhuri: wanao wanazama mtoni, shuka! Akageukia mtoni. Akatazama, wanawe walikuwa wamekaa kwa Jumbe Mpili, wanatafuna miwa. "Hofu, nimekuona." Ikaruka, ikaenda zake.

Alasiri: kivulini kuna dafu baridi, shuka! Akameza mate. "Tamaa, nimekuona." Ikaruka, ikaenda zake.

Jamani, zimwi si jinga! Jua lilipobaki upana wa ukucha, likapuliza fikra tamu kuliko zote: Siwema, umeshinda! Hakuna mlinzi kama wewe. Shuka ucheze!

Siwema akatabasamu. Mguu ukafika kwenye ngazi. Wanakijiji waliokusanyika chini wakashika vinywa.

Akapumua. Hasira ilikuja, ikaenda. Hofu ikaja, ikaenda. Tamaa ikaja, ikaenda. Lakini kule kuona, kulikoziona zote, hakukwenda popote. Kulikuwepo asubuhi, kupo sasa, na hata utamu huu kunauona.

"Majivuno!" akapaza sauti. "Nawe nimekuona!" Akarudisha mguu.

Jua likazama. Vigelegele! Ngoma! Zimwi likavuka mto likilia kama mbuzi, wala halikurudi.

Ngwele akamshika mkono kumshusha. "Shemeji, nisamehe. Kesho unifundishe kukaa."

"Hiyo kesho nayo ni ndege, shemeji. Kaa sasa hivi."

Akakaa, papo hapo, matopeni. Watu wakacheka hadi machozi.

Wakavuna, maghala yakafura. Mimi nakunja mkeka wangu hapa: mchele wenu, pumba zangu.

Mwauliza, Siwema je? Siwema binti Mtulia alilinda dungu lile misimu arobaini na mmoja. Alikufa siku ya Alhamisi, baada ya alasiri.