Mahindi Yaliyovunja Amri ya Sultani

Hapo zamani, wakati wakubwa walipokuwa wakubwa kweli na waoga tulikuwa wengi kuliko sasa, aliishi mwanamke kijana jina lake Sikudhani. Alikuwa na mtoto mmoja wa kunyonya aitwaye Chausiku, kishamba kimoja cha mahindi nyuma ya nyumba, na hofu isiyo na kipimo. Mumewe alikuwa amekwenda upagazi nchi za mbali, hajarudi. Basi Sikudhani aliogopa nyoka, aliogopa radi, aliogopa mtoto akilia, na mtoto akinyamaza aliogopa zaidi. Na hofu yake ilikuwa na tabia mbaya. Wengine wakiogopa hufunga mdomo, lakini yeye maneno yalimtoka mbio mbio kama mbuzi waliofunguliwa zizi, naye akayasikia pamoja na watu wengine, yaani yakiwa yameshatoka.

Ikawa siku moja Sultani Mwinyikambi anatoka kuwinda, akapita njia ya nyuma ya nyumba ile, harufu ya mahindi ya kuchemsha ikamkamata puani. Akasimamisha punda wake. Sikudhani alipomwona karibu aingie ndani ya chungu, lakini akakumbuka heshima, akamtolea hindi moja juu ya jani la mgomba. Sultani akalila hindi lile akiwa juu ya punda. La pili akalila ameshuka, na lililofuata akalila ameketi chini kama watu wengine, maji ya hindi yakimchuruzika ndevuni.

"Ewe mwanamke," akasema, "jikoni kwangu huletwa mahindi kila msimu, wala hayana utamu huu. Umeyafanyaje?"

"Sikuyafanya kitu, Bwana wangu, ni mahindi tu, ila hayakai, yakichumwa yakalala usiku mmoja utamu umekwenda zake, ndiyo maana mimi huinjika chungu kwanza, maji yakitokota ndipo nakimbia shambani, nachuma, nakimbia kurudi, na mtoto mgongoni anadhani tunafukuzwa."

Sultani akacheka, akajifuta mikono. "Vema. Kesho nasafiri kwenda kwa wakwe zangu, nami nitakawia huko. Nikirudi nataka kula mahindi haya haya, yakiwa mabichi na maziwa yake ndani. Je, yatanisubiri?"

Mtu mwenye akili hapo angekohoa kidogo, akatazama mbingu, akasema, "Bwana, mazao yana wakati wake." Sikudhani yeye akaona upanga kiunoni mwa Sultani, akajibu, "Yatasubiri, Bwana wangu! Kwa nini yasisubiri? Hata ukikaa mwaka yatakaa tu, yanakupenda."

Yanakupenda! Alilisikia neno lile likiondoka, akatamani kulikimbilia alishike mkia alirudishe ndani. Lakini Sultani alikuwa amekwisha kulipokea. Wala msimcheke sana Sultani. Kwake yeye chakula kilisubiri, baraza lilisubiri, na hata mvua ikinyesha, watu wake walimwambia kwamba ilimngoja kwanza aingie ndani. Aone ajabu gani hindi likimngoja?

"Basi ni amri," akasema. "Mahindi ya shamba hili yasikomae mpaka nirudi, wala mtu asivune hata hindi moja. Nikiyakuta mabichi utapata zawadi. Nikikuta yamevunwa, au yamekomaa kinyume cha ahadi yako, shamba ni langu na nyumba ni yangu, nawe utajua mwenyewe pa kwenda na mtoto wako."

Akamwacha hapo askari mmoja mwenye mkuki, jina lake Feruzi, alinde amri. Akapanda punda, akaenda zake.

Basi Sikudhani akaanza kuyazuia mahindi yasikue. Nasema kweli, alijaribu. Asubuhi aliyamwagia maji, akidhani hindi likilewa maji litasahau umri wake. Adhuhuri alitanda khanga zake juu ya mabua ili jua lisiyaone, mpaka akabaki na khanga moja tu mwilini na majirani wakawa wanapita upande wa pili. Jioni alizunguka matuta akiyabembeleza kwa sauti ile ile ya kumlaza mtoto. Mtoto alilala. Mahindi hayakulala. Kila siku alimenya ncha ya hindi moja, akabonyeza punje kwa ukucha aone kama maziwa bado yanaruka. Mwanzo yaliruka mpaka usoni. Kisha yakawa mazito kama uji. Kisha ukucha ukakataa kuingia. Ndevu za mahindi zikakauka, maganda yakageuka rangi ya nyasi za kiangazi, ndege wakaanza kuja kwa makundi, na upande wa milimani mawingu ya mvua yakaanza kujikusanya.

Sikudhani akamwendea Feruzi aliyeketi kwenye jiwe, akampigia magoti.

"Kaka Feruzi, niruhusu nivune."

"Mama Chausiku, usinitie matatani. Nimeambiwa mtu asivune. Ukivuna, mkuki wangu, kichwa chako."

"Lakini mvua ikiyanyea yataota ukungu, na huyu mtoto nikikosa chakula maziwa yatakauka, atakula nini? Atakula amri?"

"Mimi mwenyewe tangu majuzi nakula mihogo ya kuomba kwa jirani," akasema Feruzi kwa huzuni. "Hiyo amri hata mimi sijaiona ikipakuliwa."

Sikudhani akaogopa sasa kuliko siku zote, maana aliona njaa huku na Sultani huku, na yeye katikati na mtoto mgongoni. Na alipoogopa hivyo, mbuzi wakatoka zizini.

"Kaka, hebu niambie, kazi yako hasa ni nini?"

"Kulinda amri ya Sultani."

"Na mtu akiivunja?"

"Namkamata, namfunga, namweka mpaka Sultani arudi amhukumu."

"Na mahindi yaliamriwa nini?"

"Yasikomae."

"Na haya?"

Feruzi akayatazama mahindi. Akainuka, akaingia kwenye tuta, akamenya hindi moja, akaling'ata, akashika shavu lake. "Yamekomaa," akasema.

"Mbele ya macho yako!"

"Mbele ya macho yangu!" akasema Feruzi, na uso ukaanza kumbadilika, maana hakuna askari apendaye kudharauliwa.

"Basi unangoja nini, kaka? Wakamate!"

Feruzi akafikiri kitambo kirefu, kwa sababu kufikiri hakukuwa kazi aliyoajiriwa kuifanya. Kisha akauchomeka mkuki ardhini, akakunja mikono ya kanzu, akalivamia shamba.

Ikawa siku nzima wanakamata. Hawakuyaambua maganda, bali waliyarudisha nyuma tu, wakayasokota, wakafunga hindi kwa hindi, wawili wawili, kama wafungwa waendao njiani. Kisha wakayatundika kwenye miti ya dari juu ya jiko, moshi uyapitie, wadudu fukusi wasiingie. Hivyo ndivyo wanawake wa nchi ile walivyohifadhi mahindi tangu zama za bibi zao, na mgeni angeona jiko la mwanamke aliyevuna vizuri. Lakini Feruzi aliona gereza. Kila asubuhi aliingia na mkuki wake, akahesabu mahabusu, akatoka ameridhika. Na mvua ilikuwa imekuja usiku ule ule wa siku ya kukamata, ikakuta mabua matupu.

Ila taabu ilikuwa hii: mahabusu haliwi kabla ya hukumu. Feruzi alikuwa mkali sana katika jambo hilo. Basi Sikudhani naye akaishi kwa mihogo ya kuomba, akalala chini ya mahindi yake mwenyewe, ameyatolea macho, tumbo linanguruma, akijisuta. Katika nchi nzima hakuna mjinga kama mimi, alisema moyoni, wengine wana njaa kwa sababu hawana chakula, mimi nina njaa kwa sababu nimekifunga.

Basi Sultani akarudi. Akapitia shambani, akakuta mabua, akakasirika, akaenda moja kwa moja barazani akaagiza mwanamke aletwe. Sikudhani alikuwa ametunga maneno mazuri ya kusema, yenye mwanzo na mwisho, akayakariri njia nzima. Alipofika mlangoni akaona watu, mapanga, na Waziri amekunja uso, maneno yote yakamtoroka, akabaki na mtoto tu. Nyuma yake akaja Feruzi na mti begani, mahindi yananing'inia mbele na nyuma.

"Mwanamke," akasema Sultani, "uliniambia yatanisubiri."

"Nilisema, Bwana wangu, na nilisema kwa woga, maana mimi nikiogopa hukubali kila kitu, ungeniuliza kama mimi ni twiga ningekubali. Lakini amri yako tumeilinda, hakuna mtu aliyevuna, muulize askari wako. Walioasi ni hawa. Tumekuletea wote walioweza kubebeka, na wengine wako kifungoni kwangu, wamefungwa wawili wawili, moshi unawapiga usiku na mchana."

Waziri akasema, "Bwana, huyu ana kichaa, tuchukue shamba yaishe."

"Mwache," akasema Sultani. "Askari, neno hili ni kweli?"

Feruzi akasimama wima. "Ni kweli, Bwana wangu. Wamekomaa mchana kweupe, mimi nawatazama. Huyu mama aliwasihi kwa maji, akawasihi kwa nguo zake, akawaimbia. Hawakusikia."

Hapo baadhi ya watu wakaanza kukohoa kohoa nyuma ya viganja. Sultani mwenyewe masharubu yakamcheza kidogo, lakini akayatuliza.

"Na walipoulizwa, walijitetea vipi?"

"Walisema jua ndilo lililowaamuru, Bwana," akadakia Sikudhani.

"Ala! Basi mkosaji ni jua. Mbona hukulikamata jua, ukawafunga hawa?"

"Nilitaka, Bwana wangu," akasema Sikudhani, na mbuzi wale wakawa wameshapata mlango, "lakini jua liko juu na lina makali, na mimi ni mtu mdogo. Nikakumbuka jinsi mambo yanavyofanywa hapa barazani, kwamba mkubwa akikosa hukamatwa yule aliye karibu na mkono. Basi nikawakamata hawa."

Waliokuwa wakikohoa wakashusha viganja. Hata Chausiku mgongoni akaacha kunyonya kidole. Sikudhani akayasikia maneno yake yakizunguka chumbani yakitafuta pa kutua, naye akafumba macho, akasema moyoni, kwaheri shamba, kwaheri nyumba, kwaheri shingo, ewe mdomo wangu umenizika.

Sasa, pembeni ya baraza palikuwa na mchunga punda mmoja amefungwa mikono, akingoja viboko, kwa kuwa asubuhi ile punda wa Waziri aliteleza matopeni na Waziri akaanguka mbele za watu. Macho ya baraza zima yakaenda kwake. Kisha yakaenda kwa Waziri, ambaye alianza kuchunguza kidole gumba cha mguu wake kana kwamba amekiona leo. Na macho ya Sultani yalikwenda huko yote, kisha yakarudi kwenye yale mahindi yaliyofungwa, yakakaa hapo muda mrefu, maana nani aliyeyaamuru yasikomae?

Kikaanza kicheko tumboni. Sultani akakizuia, kikampanda mabegani, kilemba kikatikisika, kikaanguka. Akacheka mpaka akapiga mto kwa ngumi.

"Mfungueni yule mchunga punda," akasema alipopata pumzi. "Na ewe Waziri, matope yakikukera, yapige viboko mwenyewe."

Kisha akamgeukia Sikudhani. "Fumbua macho, binti yangu. Shamba ni lako, nyumba ni yako, wala mimi sitaamrisha tena kitu chenye mizizi. Lakini wakosaji hawa wamebaki, na wewe ndiye uliyewakamata. Wahukumu."

"Wapukuchuliwe, Bwana," akasema Sikudhani kwa sauti ndogo, "wachemshwe na maharage mpaka walainike."

"Hukumu imepita. Itekelezwe hapa hapa uani, nami nitakula nione."

Yakaletwa mafiga, kikaletwa chungu na maharage kutoka ghala ya Sultani. Sikudhani na Feruzi wakapukuchua, magunzi yakatupwa motoni, moto ukawaka. Sultani akaagiza kigoda, akaketi karibu na jiko, watu wote wamesimama nyuma yake. Sasa mahindi yaliyokaushwa juu ya moshi ni matamu kwa namna yake, ila ni magumu, hayajui cheo cha mtu. Kivuli cha ukuta kikasogea, Sultani akainamia chungu.

"Tayari?"

Waziri akamtazama Sikudhani. Mapanga yakamtazama. Mdomo ukamfunguka wenyewe, na neno lile la zamani, Tayari, Bwana wangu, yako tayari kabisa, yanakupenda, likawa limesimama kwenye meno limekunja nguo linataka kuruka. Akalimeza. Lilishuka kwa shida, kama punje kavu.

"Bado, Bwana," akasema.

Wenye mapanga wakatazamana. Sultani akashusha pumzi, akasogeza kigoda, akachochea kuni kidogo kwa mkono wake mwenyewe, akangoja. Baada ya muda akauliza tena. Akajibiwa bado. Na Sikudhani alishangaa, maana safari ile ya pili neno lilitoka bila kukimbia, likatembea tu kama mtu aendaye kwake.

Hadithi yangu nimeiepua hapa. Walioshiba waondoke, na wenye njaa wachochee kuni.