Kahawa ya Kaanaeli na Migomba ya Mkewe

Soma kwa utulivu, kisha mfikishie mwenzako anayehangaikia riziki.

Kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro alikuwapo mkulima aitwaye Kaanaeli. Hata alipozeeka, na mkewe Aikande ameshafariki, hakuacha kuikumbuka miaka ya ujana wao. Enzi hizo kahawa ilikuwa kahawa. Ikichanua, kilima kizima kilikuwa cheupe, na harufu yake ilikufuata hadi kanisani. Msimu wa malipo ukifika, huyu ananunua baiskeli, yule redio, na watoto wanavaa viatu vipya Krismasi.

Bei ikazidi kupanda. Watu wakaanza kung'oa migomba ili wapande kahawa hadi mlangoni. Kaanaeli naye akanoa panga.

Aikande akamfuata shambani. "Baba Elipina, kule juu fanya upendavyo. Hii migomba ya karibu na nyumba niachie."

"Ya nini? Ndizi si tutanunua sokoni?"

"Niachie tu."

Akamwachia kwa kuwa alimpenda, ila moyoni aliona haya. Maana mkewe hakuishia kwenye ndizi. Alifuga ng'ombe nyuma ya nyumba akauza maziwa. Alipanda magimbi kando ya mfereji. Alitundika mizinga ya nyuki. Siku ya soko alishuka na mkungu kichwani, na jioni yake kilabuni, jirani yao Ndetaulwa hakukosa neno.

"Wewe mwenye kahawa yote ile, mkeo anachuuza ndizi kama mjane?"

Wenzake wakicheka, Kaanaeli aliinamia kata yake ya mbege, pombe yao ya ndizi.

Kisha ikaja masika ambayo mvua yake haikujua kukatika. Chulebuni, ule ugonjwa wa kahawa, ukaingia mashambani. Buni changa zikageuka nyeusi, zikadondoka kabla ya kuiva. Na kile kidogo kilichovunwa, kilikuta bei imeporomoka. Mwaka uliofuata mambo yakawa yale yale. Ndetaulwa aliuza baiskeli, akauza mabati yaliyokuwa ya nyumba mpya, mwisho akauza na kipande cha shamba alichoachiwa na baba yake.

Nyumbani kwa Kaanaeli moto haukuzimika jikoni. Asubuhi uji wa maziwa, jioni mtori wa ndizi. Watoto hawakufukuzwa shule kwa kukosa ada. Lakini yeye alikula bila raha, kwani alijua chakula kile hakikutokana na jasho lake.

Asubuhi moja akachukua shoka, akaenda kwenye mikahawa. Alikuwa ameshaangusha kadhaa Aikande alipotokea na mzigo wa majani ya ng'ombe.

"Unafanya nini, Baba Elipina?"

"Nilichopaswa kufanya zamani. Ulikuwa na akili kunizidi. Naing'oa yote, tupande migomba mitupu."

Alidhani mkewe atafurahi, au angalau atamkumbusha kicheko cha kilabuni. Aikande akatua mzigo, akamshika mkono ule wenye shoka.

"Usikate."

"Baada ya yote haya, wewe ndiye unayeitetea kahawa?"

"Yule ng'ombe tulimnunua kwa pesa ya nini?"

Kaanaeli akafikiri. "Kwa kahawa."

"Na samadi iliyokuza kahawa yako ilitoka wapi? Na dawa ya kupulizia, mwaka ule ulipokuwa huna kitu, unadhani nilikopa? Niliuza asali. Ng'ombe anakula migomba, migomba inakula samadi, kahawa inapata kivuli. Mimi sikuwahi kushindana na kahawa yako, mume wangu. Nilikuwa naishikilia isianguke. Ukiing'oa leo, siku migomba ikiugua tutashika nini?"

Shoka likamtoka mkononi. Akaketi pale chini, akalia mbele ya mkewe kwa mara ya kwanza. Aikande akaketi karibu naye, asimwambie anyamaze.

Tangu hapo Kaanaeli ndiye aliyekata majani ya ng'ombe, na siku za soko alibeba mkungu mwenyewe, akapita mbele ya wale wale waliomcheka. Aikande naye akashika bomba, wakapulizia kahawa pamoja. Kahawa ilipopona, faida yake ikaleta ng'ombe wa pili. Maziwa yakasaidia kununua mashine ya kusaga. Mashine, pamoja na asali na ndizi, ikajenga vyumba vya kupangisha mjini. Hakuna kilichoachwa kwa sababu kingine kimekuja. Ndetaulwa alipokuja kuomba machipukizi ya migomba, Aikande alimpa, akamwongezea na mzinga wa nyuki.

Wajukuu wakimuuliza Kaanaeli mali ile aliipataje, huwaonyesha ile migomba ya karibu na nyumba.

"Kwa mwanamke aliyenizuia mara mbili," husema. "Nilidhani ana vijishughuli vingi kwa sababu haniamini. Kumbe alikuwa ananitafutia wasaidizi. Natamani ningemwambia hivyo mapema, tungali vijana."

Funzo: Riziki mpya isikufanye uiue ya zamani. Mali hukua pale kazi moja inapoilisha nyingine, ili siku mojawapo ikiugua, zilizobaki ziiuguze.