Picha Iliyoomba Kukunjwa

Sogeeni, nipeni masikio, nami niwape mambo ya Japani ya kale. Huko picha haikai ukutani mwaka mzima: hutundikwa siku chache, watu wakaitazama wakashiba, kisha ikakunjwa na kurudishwa sandukuni.

Genzo, mchonga mbao, alifiwa na mkewe Osato. Akapanda mlimani kwa zimwi mchoraji, akalia mbele yake. Zimwi akamchora Osato kwa wino juu ya karatasi ndefu, akasema, "Kila majira mtundike siku tatu, naye ataishi. Siku ya nne isimkute ukutani."

Majira ya kwanza Osato alitabasamu; Genzo akamkunja. Majira ya pili alisema, "Mume wangu, umekonda". Genzo akamkunja huku akilia. Majira ya tatu aliimba, na Genzo hakumkunja.

"Nikunje, mume wangu," Osato akasihi. "Mwanga unanila."

"Nimekukunja mara mbili. Sina moyo wa mara ya tatu."

"Basi hunipendi mimi, wapenda kunitazama."

Siku ya nne nywele zake zilififia. Siku ya tano ulififia mdomo, asiweze kusihi tena. Siku ya sita Genzo alikuwa amepiga magoti mbele ya karatasi nyeupe.

Akakimbilia mlimani. "Mchore tena!"

Zimwi akacheka. "Na sisi ndio tuitwao walaji wa watu! Mimi nilikupa mke, wewe ukamla kwa macho. Shuka, mwanadamu. Sichori chakula."

Nami hadithi naiachia hapo. Genzo mwacheni, angali anautazama ukuta.