Mshamu Asiyeweza Kukaa

Mtu mmoja alikuwa na shamba la mpunga bondeni, na mke asiye na maneno mengi. Mtu huyo ni Mshamu, na mkewe Somoe. Kila mwaka, mpunga ulipoanza kutia maziwa, walihamia shambani kuamia ndege. Waliketi juu ya dungu, jukwaa la miti, tangu alfajiri hadi jua kuzama, wiki sita. Kwelea wakija, walipiga kelele na kurusha udongo kwa kombeo. Wasipokuja, hapakuwa na la kufanya.

Kukaa bure kulimchosha Mshamu kuliko kulima. Somoe alikuwa mtu ambaye neno lake zito halitoki mpaka mepesi yamekwisha, na mepesi huchukua siku nyingi kwisha. Mwaka wa kwanza wa ndoa, ilikuwa wiki ya nne ndipo alipomweleza mumewe jinsi alivyolelewa kwa masimango nyumbani kwa shangazi yake. Mshamu alimsikiliza, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda.

Wakapata mtoto, Kuluthumu. Homa ikamchukua kabla hajatimiza miaka miwili.

Baada ya mazishi Mshamu hakuweza kukaa tena. Kimya kilimtisha. Msimu uliofuata alipeleka redio dunguni. Msimu mwingine akapeleka ukili, akasuka mikeka bila kuinua macho. Hatimaye akaweka kibarua aamie badala yake, naye akaenda kukoboa mpunga wa watu mashineni. Jioni alirudi na habari za sokoni, akala, akatia jembe mpini, akalala. Majirani walimsifu kwamba hajui uvivu. Jina la mtoto halikutajwa nyumbani mle kwa miaka tisa.

Mwaka huo wa tisa Somoe alianguka njiani akitoka kisimani. Hospitalini daktari alisema uvimbe ulikuwa umekaa kifuani miaka miwili au zaidi, na sasa umeenea. Mshamu alimuuliza mkewe, kwa hasira ya mtu mwenye hofu, kwa nini alinyamaza muda wote huo.

Somoe akamtazama. "Baba Kuluthumu," akasema, "nilikuwa nangoja siku utakayokaa."

Mshamu akamrudisha nyumbani. Akaacha mashine, akaketi kando ya kitanda. Siku ya kwanza aliinuka kila mara: kufunga mlango, kufukuza kuku, kutafuta kitu asichokijua. Siku ya pili na ya tatu mikono yake haikujua pa kukaa. Siku ya tano, mchana wa jua kali, Somoe alianza kumzungumzia mtoto: alivyocheka usingizini, alivyokiogopa kivuli chake mwenyewe. Mshamu akakumbuka mengine, akayataja. Wakamlilia pamoja, kwa mara ya kwanza. Kisha Somoe akaomba azikwe ubavuni pa mwanawe.

Siku ya nane akafa.

Ndugu zangu, Mshamu hakuwa mtu mbaya. Hakumpiga mkewe wala hakumnyima chakula. Alimnyima tu zile saa zisizo na kazi, akidhani hazina kitu ndani yake, na katika miaka tisa akabakiwa na siku tatu za kuzungumza naye. Nami nawauliza ninyi mnaojivunia kwamba hamna nafasi: nyumbani kwako, ni nani anayengoja ukae?