Hela Zilizolala Chini ya Mafiga

Nitoe, nisitoe?
Toa!
Ya kweli au ya uongo?
Changanya, tutachambua wenyewe!

Basi ongezeni kuni, mnyamaze. Ngano hii naijua mimi kuliko hata waliokuwepo.

Hapo kale, enzi ya Mjerumani, Unyanyembe kulikuwa na mfinyanzi, Bi Kalunde, na mwanawe mmoja tu, Mihayo. Vita ikaja, Mihayo akachukuliwa upagazi. Akamwachia mama akiba yake: hela nyeupe zenye tobo katikati, zimetungwa kambani kama shanga. Akasema akirudi watanunua mbuzi.

Kalunde akazitia chunguni, akaziba kwa udongo, akazika chini ya mafiga. Na kwao huko, kitu cha msafiri hakifunguliwi mpaka mwenyewe arudi. Ukikifungua, umekwisha kumlilia matanga.

Siku zikaenda, chumvi ikaisha. Hela ya juu kabisa ikasema toka chini ya jivu, "Mama Mihayo, nitoe. Nina tobo tumboni, sishibi nisipotembea."

"Lala. Mwenyewe yu njiani."

Askari wakapita, wakabeba mtama wote, njaa ikaingia. Kalunde akawa anachemsha majani. Hela ikasema, "Mama Mihayo, nitoe. Nina tobo tumboni, na sasa wewe pia unalo."

"Lala. Mwenyewe yu njiani."

Mjerumani akashindwa, akaja Mwingereza na sarafu zake. Mbiu ikapigwa: mwenye hela za Mjerumani akazibadilishe kabla mwezi haujaandama, baada ya hapo ni vyuma tu. Majirani wakambembeleza Kalunde, wakamkaripia, mwisho wakamcheka kwamba ni kuku aliyeatamia mawe.

Hela ikalia, "Mama Mihayo, nitoe. Leo siisemi njaa. Nakufa."

Mkono wa Kalunde ukafika kwenye figa. Akaurudisha.

"Ukifa, umekufa wewe. Nikikutoa, nimemuua yeye."

Mwezi ukaandama.

Masika yalipoingia akaja mpagazi mmoja, anachechemea, anaongea akitazama chini. Mihayo alikufa kwa homa huko Rufiji, akasema. Alikufa zamani, kabla hata ya ile chumvi kuisha.

Ndipo Kalunde akavunja chungu. Akazimwaga hela mapajani, akaziita. Hazikujibu. Akachimba kaburi la urefu wa mtu, akazilaza humo ndani ya shuka ya Mihayo, maana mwili hakuupata. Majirani waliomcheka wakaja kufukia, na hakuna aliyemtazama usoni.

Funzo lake ni hili: mtunzieni msafiri vitu vyake, lakini msile majani kwa ajili yake, hata yeye asingependa.

Hela ilikufa, ila jina lake mnalitaja kila siku sokoni. Na Kalunde, mpaka anazeeka, ugali ukiiva alitoka mlangoni akaita, "Mihayo!"

Ngano nimeizika hapo. Anayetaka kuifukua alete hela, na isiwe ya Mjerumani.