Mchumba Aliyekuwa na Jambo

Paukwa.
— Pakawa.
Pakawa chungu.
— Cha nani?
Cha Bi Sugra.
— Kina nini?
Tia ulimi ujue.

Hapo kale, chumvi ikipimwa kwa kiganja na pilipili kwa ujasiri, palikuwa na mjane mmoja, Bi Sugra, ambaye wazee wake walitoka Kachi huko Bara Hindi. Bi Sugra alipika mchuzi. Si mchuzi huu wenu wa kuchovyea mkate. Mchuzi wake ulikuwa mwekundu, na mtu akipita uchochoroni kwake alipiga chafya kabla ya kuiona nyumba. Paka wa mtaa ule hawakuiba jikoni mwake. Walikwisha kujifunza.

Alikuwa na binti mmoja, Zehra. Kila aliyekuja kumposa Zehra alialikwa chakula kwanza.

Akaja mchuuzi wa ng'ombe, shingo nene. Akala, akatoka anahema. Bi Sugra akasema, "Huyu siye."

Akaja mpiga zumari. Akala, mdomo ukamvimba, harusi za mwezi ule zikachezwa kwa ngoma tupu. Bi Sugra akasema, "Huyu siye."

Akaja mtoto wa kadhi. Huyo alikula mpaka akamaliza. Machozi yakamdondoka kwenye kanzu, akasema ni furaha. Bi Sugra akamtazama sana, akasema, "Huyu ndiye siye kabisa."

Mji ukashangaa. Watu wakaamua kwamba yule mama anatafuta mkwe mwenye koo la chuma. Mji ukishaamua jambo, nani ataubishia?

Sasa palikuwa na fundi wa makubadhi, Shekue. Yatima, amelelewa na bibi yake kwa wali wa nazi na samaki wa tui. Pilipili manga tu ikitwangwa nyumba ya pili, Shekue hufunga dirisha. Siku moja Zehra alimletea kubadhi limekatika ukanda. Akalishona. Siku nyingine akaleta la pili. Akalishona. Mara ya tatu Zehra alileta kubadhi zima, halina hata uzi uliolegea, na Shekue akalishona vilevile. Wewe unayecheka hapo nyuma, umeelewa. Tuendelee.

Shekue akampenda Zehra, na Zehra akampenda Shekue. Kilichobaki ni kile chungu.

Vijana wa barazani wakamuuliza, "Utauweza mchuzi wa Bi Sugra?"

"Pilipili?" akasema Shekue. "Pilipili kwangu ni mchicha."

Lo, mdomo huo. Usiku hakulala. Asubuhi akaenda kuomba ushauri. Mmoja akamwambia akapake samli ulimini. Mwingine akamwambia atangulize mtindi. Wa tatu akamwambia afiche sukari guru shavuni. Akayashika yote matatu. Bibi yake akamwona anavyojipaka, akamwambia, "Mjukuu wangu, kama huli pilipili, si useme huli? Mficha uchi hazai."

"Bibi, nikisema nitamkosa."

Njiani akakutana na Zehra anatoka kisimani. "Zehra, nifanyeje?"

"Hata mimi sijui mama anatafuta nini," akasema Zehra. "Ninalojua, mama akiuliza swali, anataka jibu."

"Nitamjibu," akasema Shekue, na akaenda.

Akakaribishwa mkekani. Wali ukaletwa, mchuzi ukamiminwa. Shekue akapiga bismillahi, akatia tonge.

Samli ikakimbia. Mtindi ukakimbia. Sukari guru ikayeyuka ikamwacha peke yake. Masikio yakaanza kuvuma.

Bi Sugra akauliza, "Hujambo, baba?"

Nanyi niambieni, mtu wa kwetu akiulizwa hujambo, hujibu nini?
— Sijambo!
Hata kama nyumba inaungua?
— Sijambo!

Naye Shekue akasema, "Sijambo, mama."

"Vizuri. Asiye na jambo huongezwa." Akamwongeza.

Shekue akaona heri amalize upesi, adhabu iishe. Akala mbiombio. Jasho likamshuka mgongoni mpaka kikoi kikagandamana na mkeka.

"Hujambo, baba?"

"Sijambo, mama."

"Asiye na jambo huongezwa." Safari hii chungu kilikuwa kingine, kile cha pilipili mbuzi. Shekue akala tonge moja. Pua ikafunguka. Akala la pili. Hakujua tena kama ana ulimi au ameumeza.

Bi Sugra akashika upawa wake, akainama, akamtazama machoni.

"Baba, hujambo?"

Shekue akafungua mdomo aseme lile neno. Mlangoni Zehra alikuwa amesimama na kata ya maji, na uso wake umesawijika kwa huruma. Shekue akakumbuka: mama akiuliza swali, anataka jibu. Akajiona mjinga. Aliulizwa mara tatu, na hata mara moja hakujibu.

"Mama," akasema, "nina jambo."

Upawa ukabaki hewani. "Jambo gani, baba?"

"Naungua. Ulimi siusikii. Nilijisifu mtaani, nikasema uongo. Kwetu tunakula tui, pilipili hatuijui. Na jambo la pili, nampenda binti yako, nilikuja kumposa. Kama kumpata ni mpaka nimalize chungu hiki, siwezi. Na hilo linaniuma kuliko pilipili."

Bi Sugra akaweka upawa chini. Akakaa mkekani. Akalia, na hakusema ni furaha.

"Zehra, mletee mtindi," akasema. Kisha akamwambia Shekue, "Marehemu baba yake Zehra alikuwa mtu mwema. Kila asubuhi nilimuuliza, hujambo? Akasema sijambo. Tumbo likimkata, sijambo. Akakonda, nguo zikampwaya, sijambo. Dawa ilikuwepo, mganga alikuwa mtaa wa pili. Siku moja nikamuuliza hujambo, hakujibu. Mimi nilikuwa nimelala ubavuni mwake miaka yote ile, na sikujua."

Mficha maradhi?
— Kifo humuumbua.

"Wachumba wote niliwauliza," akasema Bi Sugra. "Macho yamewatoka, wananiambia sijambo. Mtu anayenificha pilipili, kesho atamficha mwanangu nini? Kunywa mtindi, baba. Jambo lako la pili nimelisikia, na nimelikubali."

Harusi ikafanyika, na zumari ilikuwepo. Mtoto wa kadhi naye alikuja, akala wali mweupe. Kikaletwa na kile chungu chekundu, watu wakasogea nyuma. Bibi yake Shekue, kikongwe asiye na jino, aliyelea mjukuu kwa tui, akavuta sahani. Akala. Akakomba kwa kidole.

Bi Sugra akamkimbilia. "Bibi, hujambo?"

"Sijambo," akasema kikongwe, "ila chumvi imepungua kidogo."

Na safari hii ilikuwa kweli. Kumbe miaka yote alikuwa akimpikia mjukuu tui kwa sababu mjukuu hakuweza kingine, mwenyewe akila pilipili zake jikoni.

Mnauliza, je, Shekue alizoea? Alizoea kidogo. Zehra alipika vyungu viwili, na Shekue alichovya pembe ya chapati katika kile chekundu, siku hadi siku. Ikimuwasha alisema inaniwasha, na Zehra akacheka, akampa maji. Na kila asubuhi wakiulizana hujambo, walingoja jibu.

Hadithi yangu imefika kwenye ukoko. Iliyemkolea, alete sahani.
— Na iliyemuwasha?
Aseme ana jambo.